WALIGONGANA MOSHI, WAKASUBIRI MIAKA 12!

Haya msomaji wangu, vuta kiti. Leo nina kisa cha vijana waliotoka Marekani, wakavaa makofia magumu na mabega ya bandia, wakagongana kama mafahali pale Moshi mjini, halafu wakaenda zao kupanda Mlima Kilimanjaro. Usiseme natunga. Hata mimi nilibisha, tena sana.

Binamu yangu mmoja mwaka 2011 alikuwa utingo wa lori. Jumamosi ya Mei 21 lori lao lilikuwa limelala Moshi, naye akajipenyeza Uwanja wa Ushirika kushangaa. Aliporudi hapa Tarime akatusimulia: mpira wenyewe si wa duara, umechongoka huku na huku kama papai changa, mtu anaukumbatia na kutimka nao, wenzake wanamrukia mpaka chini, na refa wala hatoi kadi, anatupa kitambaa cha njano tu! Kijiwe kizima kilicheka. Mzee mmoja akasema, "Hiyo si mechi, hao walikuwa wanagombea ng'ombe." Wakati huo nilikuwa bado shule ya msingi, na kwa miaka mingi nikamweka binamu kwenye kundi la waongo wa kudumu.

Kumbe wapi bwana! Mwaka jana nikaanza kuchimba, nikakuta yote ni kweli. Walikuwa vijana wa Chuo Kikuu cha Drake, kilichopo mji wa Des Moines, jimbo la Iowa. Timu yao inaitwa Bulldogs. Wapinzani wao walikuwa nyota wa vyuo binafsi vya Mexico, na Drake ikashinda 17-7 mbele ya watu zaidi ya 11,000. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya chuo kikuu cha Marekani kuja kucheza mchezo huo Afrika.

Kwa asiyeujua, ni hivi: kila upande watu 11, kama sisi. Unapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ukiweza unapewa mengine manne, ukishindwa mwenzio anachukua. Ukiufikisha nyuma ya mstari wa mwisho unapata pointi 6. Mengine ni kuumizana tu.

Sasa sikiliza kilichonikosesha usingizi. Marekani mchezo huu ni mapesa. Kijana anayejua kugonga watu anasomeshwa bure na chuo kikubwa ili aje awagonge watu. Drake siyo hivyo. Ilifuta ufadhili wa wachezaji baada ya msimu wa 1985, mwaka 1986 haikuwa na timu kabisa, na iliporudi mwaka 1987 ikarudi bila ufadhili huo. Ligi yake, Pioneer Football League, ndiyo sheria yake hiyo: hakuna kusomeshwa kwa ajili ya mpira. Na ligi yenyewe imetawanyika, kuanzia San Diego kule California mpaka Marist jimboni New York. Yaani unasafiri nchi nzima, unavunjwa mbavu, Jumatatu uko darasani na ada yako inakungoja palepale.

Walipotoka Moshi mambo yalinoga. Msimu wa 2011 chini ya kocha Chris Creighton wakashika ubingwa kwa pamoja na San Diego. Mwaka 2012 tena, safari hii wakiwa watatu, wao na San Diego na Butler. Ila ngoja uone mkosi! Bingwa wa ligi hiyo alikuwa hana nafasi ya moja kwa moja kwenye mtoano wa taifa. Nafasi hiyo ilikuja 2013, mwaka ambao Drake hawakuwa mabingwa. Na mwisho wa mwaka huohuo Creighton akahamia Eastern Michigan.

Ukame ukaanza hapo. Kocha Rick Fox akakaa misimu mitano, 2014 hadi 2018, timu ikawa siyo mbaya, lakini San Diego ilikuwa imekaa juu ya ubingwa kama kuku juu ya mayai. Kuna siku moja tu naitamani ningeiona. Desemba 1, 2018, Drake walikwenda kwa majirani zao wakubwa Iowa State, kwenye uwanja unaochukua watu zaidi ya 60,000. Mechi ile ilipangwa kujaza pengo la mchezo wa Iowa State uliovunjwa na radi mwanzoni mwa msimu. Watoto wa kujilipia wakafungwa 27-24. Pointi tatu, jamani!

Akaja kocha Todd Stepsis, ikaja korona, msimu wa 2020 ukasogezwa mpaka 2021, halafu mwaka 2021 na 2022 wakachapwa zaidi kuliko walivyochapa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi najua ningefanya nini, kwa sababu nimeshaanza kukifanya.

Niseme tu. Nina timu ya mtaa, nacheza winga. Nimeishia kidato cha nne, na shuleni nilikosoma tuliambiwa wazi: mpira au kitabu. Nikachagua kitabu, na kitabu nacho kikanitema. Tulikuwa 20. Mmoja akaenda Nyamongo kwenye dhahabu, wengine Mwanza, wengine bodaboda za Sirari. Jumapili tatu mfululizo nimejifanya naumwa goti.

Basi mwaka 2023 Drake wakashinda mechi zote 8 za ligi, na mlango wa mtoano ukafunguka kwa mara ya kwanza. Wakapangiwa North Dakota State, ugenini Fargo, timu inayotoa ufadhili na iliyobeba taji la taifa la ngazi hiyo mara 9 kati ya msimu wa 2011 na 2021. Matokeo? 66-3. Soma tena taratibu, sijakosea.

Nikampelekea binamu habari hiyo stendi, sasa naye ana bodaboda yake. Kwanza nikamwomba radhi kwa kumwita muongo. Akacheka. Nilipomtajia 66-3 akanyamaza kidogo, akafuta kioo cha pikipiki.

"Mdogo wangu, mwaka uliofuata walirudi uwanjani?"

"Walirudi kaka. Wakachukua ubingwa tena 2024, wakaenda tena mtoano."

"Wakafungwa?"

"Na Tarleton State, 43-29."

"Afadhali," akasema, akapiga kiki akamfuata abiria.

Jumapili hii sisi tuko tisa, goti langu limepona. Wanaotaka kujaza nafasi mbili waje saa kumi jioni, na kila mtu na viatu vyake.