Damu kwenye choo: si kila mara ni amibi

Wandugu, leo tuache kidogo mambo ya kutafuta kazi, tuongelee choo. Kwetu huku mutu akiona damu kwenye choo, jibu liko tayari: "Ni amibi hiyo." Ama: "Ni bawasiri, itapita." Anaenda farmasi, anapewa metronidazoli, damu inapotea, kisha inarudi. Ananunua tena.

Mimi ni mutu wa agronomi, si munganga. Lakini hata muhindi ukigeuka manjano, hatumwagi mbolea mbele ya kuchimba na kuangalia mizizi.

Amibi ziko, bilharzia pia iko, sikatai. Ila kansa ya utumbo mukubwa nayo inatoa damu, na inaweza kutoa, kuacha, kisha kuanza tena. Kwa hiyo damu kupotea haionyeshi kama dawa imekuponyesha. Angalia pia choo kilichobadilika kwa wiki nyingi (kuharisha ama kufunga), kusikia haja hata kama umetoka chooni sasa hivi, kukonda bila sababu. Na upungufu wa damu! Huu unadanganya watu sana: kansa ikiwa upande wa kuume wa utumbo, damu inachanganyika na choo, macho hayaioni. Unasikia tu kuchoka. Mwanaume akikosa chuma katika damu, vidonge peke yake havitoshi, lazima kutafuta damu inapotelea wapi.

Eti ni ugonjwa wa wazee? Wengi wanaoupata wamepita miaka 50, ni kweli. Lakini Chadwick Boseman, yule wa filamu Black Panther, alikufa nao mwaka 2020 akiwa na miaka 43.

Sasa vipimo. Labo ikiangalia choo chako kwa darubini inatafuta vijidudu, kansa haiwezi kuiona pale. Kuna kipimo cha FIT kinachotafuta damu isiyoonekana, lakini kama damu unaiona wewe mwenyewe, kisikucheleweshe. Munganga anaweza kuanza na kidole chenye glavu ndani ya njia ya haja. Haya iko, najua, lakini inachukua dakika moja na haiombi mashine.

Kinachokata maneno ni kolonoskopi: unakunywa dawa ya kusafisha utumbo, kisha wanaingiza mupira wenye kamera. Wakikuta kinyama kidogo, polipi, mara nyingi wanakitoa palepale, na polipi huchukua miaka mingi, kama 10, kugeuka kansa. Wakikuta kidonda cha mashaka, wanakata kipande kiende kupimwa. Bei iko juu na mashine ni za miji mikubwa. Ndiyo maana mweleze munganga yote mwanzoni: damu ilianza lini, umekwisha kunywa dawa gani, na kama baba, mama ama ndugu wa tumbo moja aliugua kansa hiyo, na kwa umri gani.