Kuishi na Baridi Yabisi (Sehemu ya 3): Yoga, Mlo na Vidole Vinavyokataa Kukunjika

Juma lililopita tulieleza jinsi kinga ya mwili inavyomgeuka mwenyewe na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Leo tuje kwa swali linaloulizwa sana huku Butere: je, yoga, chakula na maji ya moto vyaweza kuchukua nafasi ya vidonge?

Haviwezi. Lakini vina kazi yao, na si ndogo.

Mtazame mama wa Marama saa kumi na mbili asubuhi. Vidole vimevimba kwenye vifundo, mkono wa kulia sawa na wa kushoto. Kukamua ng'ombe ni shida. Kuchambua mrenda, jani baada ya jani, ni adhabu. Itapita saa nzima au zaidi kabla viungo havijalegea. Magoti ya wazee yaliyolika huuma zaidi jioni baada ya kazi. Baridi yabisi, kinyume chake, humsubiri mtu kitandani asubuhi. Jirani atasema ni umande wa shamba la miwa. Umande wasingiziwa bure.

Mama huyo atauliza: nashika jembe kutwa, mazoezi ya nini tena? Jembe hukaza ngumi ile ile mara elfu. Halinyooshi kidole, wala haligeuzi kiwiko cha mkono taratibu hadi mwisho wake. Nchini Uingereza wagonjwa 490 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: waliofundishwa mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha mikono waliitumia vizuri kuliko wenzao, huku wote wakiendelea na dawa. Beseni la maji ya uvuguvugu, fungua kiganja, kifunge, gusisha kidole gumba na kila kidole. Hayo hayahitaji darasa.

Yoga nayo imepimwa. Katika hospitali kuu ya taifa ya AIIMS mjini Delhi, wagonjwa 72 waliokuwa wakitumia dawa walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Baada ya wiki 8, waliofanya yoga walipungukiwa na sonona, na ugonjwa wenyewe ukatulia kiasi. Wapo waumini wanaoona yoga ni ibada ya kigeni. Basi waache jina, wabaki na kuvuta pumzi polepole na kujinyoosha wakiwa wameketi kitini.

Hapa nina onyo kali. Baridi yabisi ya muda mrefu huweza kulegeza viungo vya juu kabisa vya shingo, pale fuvu linapokaa, na uti wa mgongo hupita hapo hapo. Kusimama kwa kichwa, au kuikunja shingo kwa nguvu, kwaweza kumpoozesha mtu. Mikao ya kuegemea viganja pia iachwe mikono inapokuwa imevimba, na kiungo chenye moto kipumzishwe siku hiyo.

Kuhusu mlo, Butere haina haja ya kununua unga wa ajabu kutoka mjini. Mboga za kienyeji zipo, omena wapo, na mafuta ya samaki yameonyesha kupunguza maumivu kidogo. Sigara iachwe kabisa, kwani huchochea ugonjwa huu. Kufunga kula je? Huko Norwei, mwaka 1991, ilionekana kwamba kufunga hupunguza maumivu, na waliofuatisha mlo wa mboga waliendelea kupata nafuu. Kwa kawaida, anayefunga kisha akarudia mlo wake wa zamani hurudiwa na maumivu. Mwenye kisukari au anayetumia dawa ya prednisolone asijaribu kufunga bila daktari.

Tena jihadhari na dawa ya unga inayokuponya kwa siku mbili. Katika nchi mbalimbali, unga kama huo umekutwa umechanganywa kwa siri na dawa za jamii ya prednisolone. Uso huvimba, sukari hupanda, mifupa hudhoofika, na huku nyuma viungo vinaendelea kuliwa.

Juma lijalo: methotrexate, na kwa nini humezwa siku moja tu kwa wiki.