Mvinyo wa Corbières: Bei ndogo yang'oa mizabibu

WAKULIMA wa zabibu wa Corbières, kusini mwa Ufaransa, wanakabiliwa na swali ambalo kila mfanyabiashara analifahamu: kuendelea na bidhaa ambayo soko lake linasinyaa, au kufunga hesabu mapema.

Corbières ni eneo la vilima vikavu katika mkoa wa Aude, kati ya Carcassonne na Narbonne, jirani na Bahari ya Mediterania. Bidhaa yake kuu ni mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, ambao jina lake linalindwa kisheria tangu 1985. Mvinyo huo ni mchanganyiko. Carignan huupa rangi na ukali, Grenache ulaini na kilevi, Syrah harufu, na Mourvèdre nguvu ya kukaa miaka mingi. Aina moja ikiharibika shambani, nyingine huziba pengo.

Tatizo liko kwa mnywaji. Katika miaka ya 1960 Mfaransa mmoja alikunywa kwa wastani zaidi ya lita 100 za mvinyo kwa mwaka. Siku hizi hafikishi nusu yake. Mvinyo mwekundu ndio ulioumia zaidi.

Mwaka 2023 Ufaransa na Umoja wa Ulaya zilitenga karibu euro milioni 200 kununua mvinyo wa ziada na kuugeuza spiriti ya viwandani. Mwaka 2024 serikali ilikuja na mpango wa euro milioni 120 wa kung'oa mizabibu, kwa fidia ya euro 4,000 kwa hekta.

Hesabu inaonyesha kwa nini wengi walijiandikisha. Tuseme hekta moja inatoa hektolita 40, na mvinyo unauzwa kwa jumla euro 100 kwa hektolita. Mapato ni euro 4,000, kabla ya kulipa vibarua, dawa na mafuta ya trekta. Fidia ni kiasi hicho hicho, bila jasho, ila hulipwa mara moja tu.

Hasara nyingine haikuwamo katika hesabu hiyo. Agosti 2025 moto ulioanzia Ribaute uliteketeza takriban hekta 16,000 za Corbières na kuua mtu mmoja. Wenyeji walieleza kuwa mashamba ya mizabibu yalikuwa yakizuia moto. Yalipong'olewa, vichaka vilishika nafasi yake.

Kwa mwagizaji, bei ndogo ni nafuu ya leo tu. Mzabibu mpya huchukua takriban miaka 3 kabla ya kutoa mavuno ya kuuzwa, na wenye mizabibu mikongwe ya Carignan hawawezi kuirudisha kwa fedha. Anayetaka mzigo wa uhakika hana budi kuuliza kwanza ni hekta ngapi muuzaji wake amebakiza, ndipo aulize bei ya chupa.