Gari na Mlima Sekenke

Gari litokalo Shinyanga kwenda Singida hupita Nzega na Igunga. Kisha hukuta mlima Sekenke. Kwenda ni kupanda. Kurudi ni kuteremka.

Kabla ya safari, dereva apime mafuta ya breki, maji ya rejeta na upepo wa matairi. Utingo abebe kabari. Mzigo usizidi.

Hatari kubwa ni kuteremka. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto, kisha haishiki. Kwa hiyo dereva aingize gia ya chini kabla ya kuanza mteremko. Hapo injini yenyewe hulizuia gari. Asitoe gia ili kuokoa mafuta.

Nawe abiria, ukiona ametoa gia, mwambie. Usione haya. Roho yako imo garini.