Madeni Yamekulemea? Jiulize Haya Kabla ya Kuomba Kutangazwa Mufilisi

Simu inaita. Namba huijui, kwa hivyo hupokei. Ujumbe wa Fuliza, wa sacco na wa benki umejaa kwenye simu. Kazi iliisha, biashara ikafungwa, na sasa rafiki amekuambia: "Si uende tu kortini utangazwe mufilisi, yaishe?"

Kwa Kenya, njia hiyo ipo, chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Lakini haimalizi kila kitu, na wakati mwingine mzigo unaoutua wewe unabebwa na mwenzako.

Inafanyaje kazi?

Unaiomba Mahakama Kuu ikutangaze mufilisi kwa sababu huwezi kulipa madeni yako. Unaweka kila kitu wazi: unachomiliki, unachopata, nani anakudai na kiasi gani. Kuficha mali ni kosa la jinai.

Ombi likikubaliwa, wanaokudai hawakufuati tena mmoja mmoja. Wanapanga foleni moja. Msimamizi anachukua mali yako, anaiuza na kuwagawia. Vifaa vyako vya kazi na vyombo muhimu vya nyumbani unaweza kubaki navyo.

Kwa kawaida, miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yako, unaachiliwa. Madeni mengi yaliyobaki yanafutwa.

Nini hakifutwi?

Deni ulilolipata kwa ulaghai linabaki. Pesa za matunzo ya familia ulizoamriwa na mahakama, vilevile. Na kama uliweka shamba au gari kuwa dhamana ya mkopo, benki bado inaweza kulichukua.

Halafu kuna wadhamini, na hapa ndipo wengi hushtuka. Tuseme una mkopo wa sacco wa Sh600,000, na wenzako 3 wa kazini walikuwekea sahihi. Ukitangazwa mufilisi, sacco bado ina haki ya kuwadai wao. Wewe umepumua, wao wanaanza kukatwa.

Unapoteza nini?

Kabla hujaachiliwa, huwezi kusafiri nje ya Kenya au kuendesha kampuni bila ruhusa. Huwezi kuchaguliwa mbunge wala mwakilishi wadi. Hilo limo kwenye Katiba. Na si jambo la siri: tangazo hutolewa hadharani, hata mama mkwe anaweza kulisoma.

Kuna njia nyingine?

Sheria hiyo hiyo ina njia 3 ambazo wengi hawazijui:

• Makubaliano na wanaokudai. Unapendekeza mpango wa kulipa, wanaupigia kura. Ukipita, unawafunga wote. Mahakama inaweza kukukinga kwa muda wakati mpango unaandaliwa.

• Kulipa kidogo kidogo. Kama una kipato, afisa wa serikali anayesimamia masuala ya ufilisi anaweza kuamuru madeni yalipwe kwa awamu.

• Utaratibu wa wasio na mali. Huu ni kwa mtu ambaye hana mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, anadaiwa kati ya Sh100,000 na Sh400,000, na hajawahi kutangazwa mufilisi. Ombi linapelekwa kwa afisa huyo huyo. Baada ya miezi 12, madeni yaliyohusishwa yanafutwa.

Sasa uamue vipi?

Chukua karatasi, uigawe mara tatu. Upande wa kwanza, andika madeni yenye dhamana ya mali. Wa pili, yenye wadhamini. Wa tatu, yale yaliyo juu yako peke yako: mikopo ya simu, kodi ya nyumba, madeni ya wauzaji wa jumla.

Kama upande wa tatu ndio mzito na huna njia ya kulipa, sheria inaweza kukupa mwanzo mpya. Kama mzigo uko pande mbili za kwanza, ufilisi utakusaidia kidogo tu. Anza na benki au sacco, uombe muda zaidi wa kulipa. Pia usidhani korti ni pa kumkwepea mtu mmoja anayekudai. Jaji akiliona hilo, anaweza kulitupa ombi.

Tafuta ushauri wa wakili kabla ya kutia sahihi popote. Na kama kuna watu waliokudhamini, wapigie simu wewe mwenyewe. Wasisikie habari hii kwanza kutoka kwa dalali.