Kazi ya ofisi isifungiwe kwenye kompyuta ya mtu mmoja

MSIMU wa korosho unapofika Mtwara na Lindi, ofisi za ushirika hazilali. Korosho hupokelewa na vyama vya msingi, hupimwa, hupelekwa ghala kuu, kisha husubiri mnada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa zao hilo msimu wa 2007/2008, kila hatua imekuwa na karatasi yake, na siku hizi karibu kila karatasi ina pacha wake ndani ya kompyuta.

Mnada ukishapita, anachosubiri mkulima ni orodha ya malipo: jina, kilo, makato na namba ya akaunti ya benki. Mara nyingi orodha hiyo ni faili moja tu. Je, faili hilo liko wapi?

Katika ofisi nyingi utajibiwa kwamba liko kwenye kompyuta ya mhasibu. Ukidadisi zaidi utaambiwa liko pale pale kwenye uso wa kioo, pembeni ya picha za harusi ya mdogo wake. Sasa mhasibu huyo augue, ahamishwe, agombane na uongozi, au umeme urudi kwa kishindo na kuunguza mashine. Wakulima mamia watakaa wakisubiri faili lililokuwa mezani kwa mtu mmoja.

Tatizo hili si la ushirika peke yake. Liko kwenye SACCOS, kwenye maduka ya pembejeo yenye matawi, kwenye ofisi za mawakili na kwenye shule. Dawa yake ni ya zamani na haihitaji mtaji mkubwa, ila inahitaji uongozi ukubali kwamba mafaili ni mali ya ofisi kama zilivyo mizani na magunia.

Masjala iliyosahaulika

Waliofanya kazi serikalini miaka ya nyuma watalielewa jambo hili haraka. Jalada lilikuwa na namba na lilikaa masjala. Ofisa aliliomba, akaandika maoni yake, likarudi. Hakuna aliyethubutu kulilaza jalada nyumbani kwake. Zilipokuja kompyuta za mezani, kila mtu akapewa masjala yake mwenyewe, isiyo na karani wala namba, nasi tukaita maendeleo.

Seva ndiyo masjala ya ofisi yenye mtandao. Ni kompyuta moja inayowaka muda wote, yenye diski za kutosha, ambayo nyingine zote huifikia kwa waya. Lakini kununua seva si mwisho wa kazi. Zipo ofisi zenye seva nzuri ambayo imebaki kuhudumia printa tu, huku kazi zote zikiendelea kulala kwenye meza za watu.

Ili kuelewa kwa nini, tuanze na kitu ambacho mafundi hukiita profaili. Kila mtu anapoingia kwenye kompyuta kwa jina lake na neno lake la siri, mashine humfungulia chumba chake. Humo zimo nyaraka zake, alama alizopanga kwenye kioo, mipangilio ya programu, kumbukumbu za kurasa alizotembelea kwenye intaneti na wakati mwingine barua pepe zake zote. Kwenye Windows chumba hicho hukaa ndani ya folda iitwayo Users kwenye diski ya mashine ile ile. Ukihamia mashine ya jirani unafunguliwa chumba kipya, kitupu.

Jibu la kwanza lililobuniwa, tangu enzi za Windows NT, lilikuwa profaili inayohama. Chumba chako huhifadhiwa kwenye seva. Ukiingia asubuhi kwenye mashine yoyote, hunakiliwa kutoka seva kuja hapo. Ukitoka jioni, mabadiliko hurudishwa.

Linapendeza kulisikia. Shida huja pale chumba kinapojaa.

Tufanye hesabu ndogo. Mtandao wa waya wa megabiti 100 kwa sekunde, ambao bado uko kwenye ofisi nyingi zenye swichi za zamani, husafirisha kama megabaiti 12 kwa sekunde ukiwa katika hali nzuri kabisa. Profaili ya gigabaiti 3 ikiingia kwenye mashine mpya itahitaji zaidi ya dakika nne. Wakiingia watumishi watano kwa pamoja saa 2 asubuhi, kila mmoja na mzigo kama huo, wanagawana waya ule ule wa seva na dakika zinazidi 20. Kuanzia siku ya pili hunakiliwa yale yaliyobadilika tu, hivyo kasi huwa afadhali, lakini kufikia hapo watu wameshasema mtandao mbovu na kurudi kwenye flashi zao.

Lipo pia tatizo la umeme. Kwa kuwa profaili hurudi seva wakati wa kutoka, mashine ikizimika ghafla kazi ya siku hiyo hubaki hapo hapo. Na mtu akiwa ameingia kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja, mipangilio ya ile anayotoka mwisho ndiyo hufunika ya mwenzake. Tena profaili ya Windows ya zamani haichanganyiki na ya mpya: tangu Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, seva huziweka kwenye folda tofauti, hivyo ofisi yenye mashine za rika mbalimbali hujikuta mtu mmoja ana vyumba viwili au vitatu visivyofahamiana.

Acha chumba, hamisha kabati

Njia iliyo bora, na ambayo mwandishi wa makala hii angeishauri ofisi yoyote yenye mashine zaidi ya tano, ni kuelekeza folda. Ilikuja na Windows 2000. Badala ya kubeba chumba kizima asubuhi na jioni, unaliweka kabati la nyaraka moja kwa moja kwenye seva na kuiambia kila mashine kwamba folda ya nyaraka na ile ya kwenye kioo ziko kule. Mtumiaji haoni tofauti. Anabofya mahali pale pale alipozoea. Kinachosafiri kwenye waya ni lile faili alilolifungua tu, na anapolihifadhi huandikwa seva wakati huo huo, si jioni.

Baada ya hapo profaili inayobaki ni nyepesi, na ofisi nyingi ndogo hazina hata haja ya kuihamisha. Wenye kompyuta za mkononi wanaokwenda vijijini wanaweza kuwekewa nakala inayofanya kazi nje ya mtandao na kujilinganisha na seva wanaporudi, mradi watu wawili wasihariri faili moja kwa wakati mmoja.

Jambo moja fundi wako alikague mapema. Kwa mpangilio unaokuja na Windows, folda iliyoelekezwa hupewa mtumiaji peke yake, kiasi kwamba hata msimamizi wa mtandao hawezi kuifungua bila kujitwalia umiliki kwanza. Kwa barua binafsi ni sawa. Kwa orodha ya malipo ya wakulima si sawa hata kidogo. Kwa hiyo kazi za pamoja zisikae kwenye folda ya mtu, bali kwenye folda za idara: uhasibu, mauzo, wanachama. Ndani yake zipangwe kwa msimu, kama vile 2024-2025, ili anayekuja kesho asihitaji mkalimani.

Haki za kufungua zitolewe kwa kikundi, si kwa jina la mtu. Karani akihamia mauzo, unamtoa kikundi kimoja na kumwingiza kingine, basi. Ukizitoa kwa majina, baada ya miaka mitatu hakuna atakayejua nani anaona nini. Na siku hizi hilo lina uzito wa kisheria, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Majina na akaunti za benki za wakulima ni taarifa za aina hiyo.

Mtumishi anapoondoka, usiharakishe kufuta akaunti yake. Izuie tu. Windows haimtambui mtu kwa jina bali kwa namba maalumu iliyofichwa. Ukifuta kisha ukatengeneza nyingine kwa jina lile lile, mfumo humwona ni mgeni na haki zake za zamani hazirudi. Kabidhi kwanza mafaili, mrithi athibitishe kwamba yanafunguka, ndipo ufute.

Kila mtu pia awekewe kikomo cha nafasi. Bila kikomo, filamu na nyimbo hujaza diski, na siku itakayojaa ni ile ya kuandika malipo.

Wapo watakaosema seva ni gharama. Si lazima iwe ghali. Programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, huifanya kompyuta ya kawaida yenye Linux ihudumie mashine za Windows bila kulipia leseni. Wenye intaneti ya uhakika wanaweza kutumia hifadhi za mtandaoni, lakini kwa akaunti ya ofisi. Mafaili ya chama yakiwekwa kwenye Gmail ya karani, tumerudi kwenye meza yake, safari hii meza iko mbali zaidi.

Kukusanya kila kitu mahali pamoja nako kuna hatari yake. Seva ikiungua, zimeungua zote. Diski mbili zinazoandika sawa hukuokoa moja ikifa, ila hazikuokoi na mtu aliyefuta faili, kwani hufutika kote kwa mpigo. Hazikuokoi pia na virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha, kama WannaCry iliyosambaa Mei 2017 kwa kupitia tundu kwenye mfumo wa Windows wa kushirikiana mafaili. Kinachosaidia ni nakala ya akiba kwenye diski inayochomolewa na kulala nje ya jengo, zibadilishwe mbili kwa zamu kila wiki.

Nakala hizo zijaribiwe. Mara moja kila robo mwaka, kabla ya msimu kuanza, mwambie fundi arudishe folda moja ya msimu uliopita kwenye mashine tupu, na mhasibu aifungue mbele ya meneja. Siku hiyo hiyo neno la siri la msimamizi wa mtandao liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa na watu wawili, na bahasha iwekwe kwenye sefu pamoja na vitabu vya hundi.