Kolwezi: Kwa nini munkoyo wa siku ya tatu unalewesha?

Kule Kapata, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa Gécamines mjini Kolwezi, munkoyo wa leo hata mtoto anakunywa. Ukibaki ndani ya bidoni mpaka siku ya tatu, mambo ni mengine: unalewesha, na mama anayeuza hawezi tena kumpa mtoto.

Mizizi ya munkoyo inageuza wanga wa mahindi kuwa sukari. Bakteria wanaleta ukali. Chachu, kiumbe cha seli moja tu, inakula sukari na kutoa pombe. Lakini haili ovyo. Kwenye utando wake wa nje kuna vipokezi vinavyopima glukozi. Ndani kuna protini inayoitwa TOR, inayoangalia kama nitrojeni inatosha. Pande zote mbili zikikubali, seli inakua na kugawanyika mbio. Nitrojeni ikipungua, TOR inanyamaza na ukuaji unapungua. Glukozi ikiisha, protini nyingine, Snf1, inaamka na kuiruhusu chachu kula kitu kingine, hata ile pombe yenyewe, kama hewa ipo.

TOR iligunduliwa mwaka 1991 mjini Basel, Uswisi, ndani ya chachu ya mikate. Baadaye ikaonekana kwamba hata mwili wa mtu unayo; dawa inayoizuia, rapamisini, wanapewa wagonjwa waliopandikizwa figo.

Friji inapunguza mwendo wa chachu. Pasipo umeme, inabaki kupika kidogo, kile kitakachoisha siku hiyo hiyo.